Matanga ya Mfaume Aliye Hai

Mfaume alikuwa fundi wa kuezeka makuti hapa Kinondoni, enzi za Mwingereza, tena anasinzia hukohuko juu ya paa. Si uchovu. Kasumba ile, dawa nyeusi ya kumeza: kidonge asubuhi, kidonge mchana, mpaka juzi akaporomoka na kuti mkononi. Mkewe Chausiku akasema basi. Ijumaa kaka yake Shomari anakuja kutoka Boko kumrudisha kwao.

Sasa mie Mnyamwezi, Mfaume Mzaramo. Watani. Alhamisi mchana nikamkuta kalala mdomo wazi, nikamfunika shuka gubigubi, nikaangua kilio.

"Mayo wee! Mzaramo kafa! Nani tena atatudondokea?"

Majirani wakajaa. Nikamwigiza anavyopanda ngazi, anavyojikuna pua, anavyomuuliza Chausiku ndoo iko wapi na kaiuza mwenyewe. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Chausiku hakucheka.

Shuka likasema, "Polikarpo, niache."

"Maiti haongei!"

Nikatoa kikopo chake cha kasumba uvunguni, nikamwaga yote chooni. Ndiyo haki ya mtani msibani: anachochukua, humkasirikii. Ukikasirika, aibu yako. Mfaume akakaa kitako, akajifunika shuka tena.

Nilijiona mjanja kweli. Ijumaa asubuhi naenda kumcheki, mtu anapiga miayo, makamasi, jasho, anatapika, anahara, mifupa inamuuma mpaka analia. Nikamkimbilia Nikodemu, dresa, mfunga vidonda wa zahanati.

"Mmemkatia kasumba ghafla?"

"Nilikuwa namtania tu."

"Ule ugonjwa, bwana, si tabia mbaya. Mwili umezoea. Mpeni maji, uji wa chumvi, kidogo kidogo, na msimwache peke yake. Hii ikipita, hamu itakaa miezi. Na siku akirudia akameza kipimo chake cha zamani, mwili umeshakisahau, hapo utalia kweli. Tangulia, nakuja kumwona."

Kurudi, namkuta Shomari mlangoni. Habari ya kifo ilishafika Boko! Kaja kavaa kanzu nyeupe, na sanda, ubani na wazee watatu.

"Shikamoo, shemeji," maiti akasema kutoka kitandani, halafu akatapika.

Mzee mmoja akatoka mbio, kiatu kikabaki.

Shomari akanigeukia. "Mnyamwezi, kazi yako hii?"

"Ya watani, kaka."

"Haya. Mie nimefuata dada yangu. Chausiku, funga mizigo."

Mfaume akashika upindo wa kanga ya mkewe. "Tangu jana sijameza. Kesho sijui kama nitaweza. Ila leo sijameza."

Nikaenda kuchota maji, nikayaweka kando ya kitanda.

Chausiku akampokonya kaka yake ile sanda, akaichana, akachovya kipande majini, akaanza kumpangusa mumewe uso.

"Mizigo baadaye, kaka. Mshike miguu, tumgeuze."

"Na kanzu hii?"

"Vua."