Dari ya Bei na Punda wa Bi Saadiya

Mohdhar alipostaafu ukarani wa forodha alisema atapumzika, na kweli alipumzika, hadi adhuhuri. Kisha akajifundisha kompyuta, mpaka akaweza kuandika kanuni za kunasa hisa inayotoboa dari. Barazani Mkomani, mtaa wake kisiwani Amu, alieleza hivi: bei hupanda ikagonga dari, ikashuka, ikagonga tena, kama popo aliyenaswa chumbani. Siku ikitoboa, hairudi chini upesi. Kanuni yake ilitafuta bei ya juu kabisa ya wiki nne zilizopita. Bei ya leo ikiipita, kisanduku hugeuka kijani.

"Kanuni hii niliijaribu kwa kaa wa Faza," alisema, "ikanionyesha hata watakaokuwa watamu." Watu walimwachia. Mohdhar hajawahi kuvua samaki mdogo kuliko mtumbwi.

Alhamisi jioni hisa ya kampuni moja ya chai ilifunga kwa shilingi kumi na moja na nusu. Kijani! Mohdhar akambembeleza mkewe, Bi Saadiya, hadi akakubali wamuuze punda wake wanunue hisa. Punda huyo alibeba mchanga na mawe ya wajenzi, na mgongo wake ndio uliowalisha kila pensheni ilipochelewa. Mohdhar akampigia simu Wafula, mjenzi kutoka bara, akampa neno kuwa punda ni wake. Na neno la mtu wa Mkomani likishatoka, kulirudisha ni aibu.

Ijumaa asubuhi Wafula alifika na kamba. Bi Saadiya alikuwa akimpapasa punda shingo.

"Nionyeshe hicho kilichomla punda wangu," akamwambia mumewe.

Mohdhar akafungua laptopu. Bi Saadiya akashuka na tarehe kwa kidole.

"Jumatano, Alhamisi, Jumatatu. Ijumaa i wapi?"

"Ijumaa ni siku ya swala, Bi Saadiya. Sigusi hesabu."

"Huzigusi wewe. Nti nzima ifunge soko la hisa kwa kuwa wewe waenda kuswali? Ijumaa iliyopita nilikuwa nikikuna nazi, redio ikasema hisa yako ya chai imefika shilingi kumi na mbili. Na Ijumaa ya kabla yake vilevile."

Mohdhar akaziingiza Ijumaa mbili. Kijani kikafutika. Hisa haikutoboa kitu. Ilikuwa imekaa chini ya dari yake, ikipunga upepo. Akageuka kumtazama Wafula, ambaye tayari alikuwa amemvika punda kamba. Neno lilikuwa limeshatoka.

"Haya, twende," Wafula akavuta. Punda hakwenda. Akamsukuma kwa nyuma. Punda akatazama ukuta.

"Ana nini huyu?"

"Leo Ijumaa," akajibu Bi Saadiya. "Nyumba hii haijamfanyisha kazi Ijumaa tangu azaliwe."

"Na mimi simenti yangu hushushwa jahazini Ijumaa!"

Mohdhar akadakia. "Ni ukoo wao, Bwana Wafula. Babake alipelekwa kisiwa cha Manda kubeba mawe. Ijumaa ilipofika akaogelea akarudi Amu kupumzika."

Wafula akacheka, akakunja kamba yake. "Mzee, punda wako ana likizo nyingi kuliko mwalimu. Kaa naye."

Alipokata kona, Bi Saadiya akamgeukia mumewe.

"Babake aliogelea kutoka Manda?"

"Maji yalikuwa yamekupwa."

"Haya. Ukitoka kuswali, uandike bei ya leo. Na kijani kikija tena, tutauza laptopu."