Mtu wa Kwetu

Kazi yangu ni kukarabati nguo kuukuu kwenye makumbusho, na ulimi wangu, mume wangu husema, hauna breki. Jumapili hii nilivibeba vyote viwili hadi ukweni.

Mama mkwe alikuwa anamkabidhi binti yangu mwanasesere wa kitambaa, kitu pekee alichokuja nacho alipoolewa. Ukweni kwangu watu hutaja mababu mpaka wa saba kabla chai haijapoa. Yeye akiulizwa kwao ni wapi, hujibu "mbali," kisha humtoa huyo mwanasesere mwenye gauni la maua yaliyofifia. "Alishonwa na bibi yangu mzaa mama," husema, na maswali huishia hapo. Huyo ndiye ukoo wake mzima.

"Tumpime umri," nikasema, nikifungua mkoba wangu wa vifaa.

"Achana naye, mwanangu. Mzee mwenzangu huyo," mama mkwe akacheka kidogo.

Wifi mkubwa, ambaye hapitwi na jambo, akadakia: "Mpime! Huenda tunaishi na mali ya makumbusho, sisi tunaipangusa vumbi tu." Baba mkwe akavaa miwani.

Ningemtazama mama mkwe usoni ningeacha. Nilitazama mishono.

Nikachomoa uzi mgongoni mwa mwanasesere, nikauwashia kiberiti. Uzi wa pamba huungua ukabaki majivu. Huu ulijikunja ukawa kipunje kigumu, ukanuka plastiki. "Enzi za bibi mzaa mama uzi huu haukuwapo," nikatangaza kama mwalimu mbele ya darasa. "Huyu kamzidi mume wangu kidogo tu."

"Kumbe kijana!" Wifi akaangua kicheko. "Mama, bibi yako alikuwa anashonea kaburini?"

Mama mkwe akawa anakunja na kukunjua upindo wa gauni alilovaa. "Mpe mtoto basi," akasema taratibu.

Pale palitosha. Lakini mimi nilishaonyesha umri, nikataka kuonyesha na asili. Nikafumua zaidi, nikageuza kitambaa cha ndani kuelekea dirishani. Kulikuwa na muhuri wa wino, ule unaopigwa kwenye mashuka yasipotee kwa dobi. Mdomo ukatangulia akili, nikausoma kwa sauti: "Kituo cha Watoto Yatima. Kitanda cha kumi na tisa."

Hata wifi hakucheka.

"Kitanda changu," mama mkwe akasema, macho sakafuni. "Harusi ilikuwa imekaribia, na kila siku mawifi zangu wananiuliza, kwenu watakuja wangapi? Nikakata shuka langu, nikajishonea mtu wa kwetu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba mkwe alivua miwani, akaishika tu mkononi.

"Miaka yote hii nawaambia watu kwenu ni mbali," akasema.

"Ni mbali," mama mkwe akajibu.

Nikaomba radhi, maneno yakitoka vipande vipande. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mwenyewe, mbele ya watu, ili nisifiwe. Mama mkwe hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. "Mfunge mgongo," akasema tu. "Asikae wazi hivyo."

Nikashona haraka haraka, bila kupima. Mimi ninayeajiriwa kwa mishono isiyoonekana, ule ulionekana tangu mlangoni.

Binti yangu alikuwa amesimama pembeni muda wote. Nilipompa mwanasesere, hakumkumbatia. Alimpeleka moja kwa moja mapajani kwa bibi yake.

"Kumbe ndiye ndugu yako wa pekee," akasema. "Basi kaa naye, bibi."

Mama mkwe akampakata mwanasesere, akaufunika mshono wangu kwa kiganja.