Tunzo za Ukuta wa Kwamgaa

Watu wa juu ya bonde hawauoni ubovu wa ukuta mpaka uwaangukie. Hayo Mwanamkasi aliyasema kila asubuhi, na wala hakukosea.

Ukuta wenyewe ni ule wa mawe na chokaa uliouzuia mto pale Kwamgaa na kuugeuza uingie mferejini. Ulijengwa zamani, babu zao hawajaota ndevu, na kufika mwaka 1971 ulikuwa umetoboka pembe zote mbili. Maji machache yaliyoingia mferejini yaliwatosha wa juu. Mwanamkasi, mjane mwenye majaruba sita ya mpunga mwisho kabisa wa mfereji, alipata tope. Misimu miwili hakuvuna hata pishi moja. Na mchele wa dukani mwaka ule, nani asiyejua? Unapanga foleni tangu alfajiri, unarudi na kikapu kitupu. Msimu wa tatu ukienda hivyo hivyo, ingembidi aliache bonde akakae kwa mkwewe kule Fumba, ale kwa kusimangwa.

Basi akaenda mjini. Alishuka Mlandege, akatembea mpaka ofisi iliyoshughulika na mifereji, akamkuta Bwana Msabah mezani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nnataka saruji."

Msabah akacheka. "Saruji ipo, mifuko arubaini, serikali inaitoa bure. Lakini mawe, lori na ujira wa fundi ni juu yenu. Shilingi mia sita, hapa, Jumatatu. Mkichelewa inakwenda bonde jengine. Wanaoitaka wengi."

Mia sita! Bonde zima lilikutana, likatoa sabiini na nne. Bi Kazija, mwenye majaruba mengi kuliko wote kule juu, hakutoa hata thumuni.

"Maji kwangu yanafika," alisema, anajipepea kwa kipepeo cha ukili. "Mie nlipe ya nini?"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwanamkasi alirudi kwake roho inamchemka, na shoga yake Tabia nyuma yake.

"Yule hatoi ya ukuta ng'o," Tabia alisema. "Mwache."

"Ya ukuta hatoi," alijibu Mwanamkasi. Kisha akasimama njiani. "Lakini ya ngoma je?"

Lo! Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kazija alikuwa mkubwa wa kikundi cha ngoma cha Waambieni, wanawake wa juu. Wa chini walikuwa na chao, Mtasema Mchoke, na mwimbaji wao ni Mwanamkasi. Jumamosi ile kulikuwa na harusi kwa Mzee Hija, na vikundi vyote viwili vimealikwa. Ada ya kidumbaki, ngoma yao ya harusini, inajulikana: anayependezwa huinuka, akacheza mpaka mbele, akamtunza mwimbaji fedha. Na kwa watu wa vikundi, upande mmoja ukitunza wa pili ukakaa kitako, aibu yake haitoki mwaka mzima. Tunzo ni za mwimbaji na wapigaji. Wapigaji nao walikuwa na majaruba yao huko huko chini, basi Mwanamkasi hakumaliza hata kueleza, wakakubali zote ziende ukutani.

Zile sabiini na nne akawagawia wanawake wake. "Mtunze kama wenye wazimu," aliwaambia.

Jumamosi alasiri, uwanjani kwa Mzee Hija, fidla ilipolia Mwanamkasi akasimama nyuma ya sinia la tunzo, akamtazama Kazija usoni:

*Tajiri wa mdomoni, mkono haunyooshi,*
*Pochi yake i kwapani, noti hata hairushi.*

Vigelegele! Tabia akatoka anakata kiuno, akatia shilingi tano siniani. Wa juu wakatazamana. Kazija akainuka taratibu, akatia kumi. Akatoka wa chini na tatu, wakatoka wawili wa juu na kumi kumi. Weee, vumbi lilitimka! Bibi harusi akasahauliwa ndani. Waambieni walifungua mafundo ya kanga, walikopeshana, mmoja alimkimbilia mumewe barazani akarudi na ishirini.

Kisha wa chini wakakaukiwa. Sabiini na nne zote zilikuwa siniani, na hapana wa kuinuka tena. Kazija alikaa akatabasamu, kashinda. Mwanamkasi akahesabu kwa jicho: mia tano na kumi. Zimebaki tisini. Aliimba ubeti, akaurudia, akaurudia tena, na sauti ikaanza kumpasuka.  Mwisho akanyamaza, na fidla nayo ikanyamaza.

"Bi Kazija," alisema mbele ya watu wote, "zimebaki tisini. Ni za ukuta. Nmekufanyia hila, nnakiri. Nakuomba."

 Kazija akaja mpaka kwenye sinia.

"Unadhani mie mtoto? Nlijua tangu ubeti wa pili."

"Sasa ulitoa kwa nini?"

"Nikae, useme wa juu mafukara? Thubutu!" Akafungua fundo la kanga yake. "Hizi mia ni za sare yetu ya Idi. Tutavaa za zamani. Lakini fundi akimaliza, aandike ukutani kwa saruji mbichi: Waambieni wametoa zaidi."

"Aandike kwa herufi kubwa!" alisema Mwanamkasi, na akamkumbatia mpaka kitambaa kikamvuka Kazija kichwani. Uwanja ukalipuka kwa vifijo.

Jumatatu Msabah alihesabu mara mbili, akaipiga mhuri karatasi. Watu wa bonde, wake kwa waume, walibeba mawe mabegani, kutoka pale lori lilipoishia, siku kumi na tisa. Siku ya kufungulia mto, ada ilikuwa wa juu wanyweshe majaruba yao kwanza. Kazija alishuka mferejini mwenyewe, akatia ubao kwenye mlango wa majaruba yake, akausukuma kwa mguu mpaka ukaziba.

"Yapite!" akapaza sauti. "Yaende mwisho kwanza!"

Mwanamkasi aliyafuata maji mbio ukingoni, kanga kaipandisha magotini, watu wote wanamcheka na yeye anacheka. Yaliingia jaruba la kwanza, la pili, la tatu. Yalipojaa la sita alikaa papo hapo ndani ya maji, mtu mzima yule, akalia kwa furaha bila ya kujificha.

"Tabia!" aliita. "Umesimama nini? Lete miche!"