Kitabu Kilichoshusha Presha ya Babu

Jamani, kama mna babu mwenye presha, msimsomee habari za rais wa kwanza ovyo ovyo!

Babu yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, haoni kitu. Daktari wa macho huja hospitali yetu mara moja moja tu, na mara mbili kamrudisha babu nyumbani: presha iko juu, hapasuliwi. Leo asubuhi tena, sista kamfunga ule mkanda wa mkononi, kaangalia mashine, katikisa kichwa.

"Mzee, una mpaka saa sita itulie. Ikigoma, unarudi nyumbani."

Bibi akanivuta pembeni. "Mke mwenzangu, fanya kitu. Nimechoka kumshika mkono kila aendako, watu wanadhani tuko fungate." Anatania, lakini mkono wangu hauachii.

Babu mwenyewe akasema dawa yake ni kusomewa maisha ya rais wa kwanza. Nikatoka mbio hadi maktaba ya mtaa wa pili. Kuna vitabu vitatu juu yake. Kwenye simu watu wanabishana kipi bora, wanatukanana kabisa, nikashindwa kuchagua. Nikaazima vyote vitatu.

Cha kwanza kaandika aliyekuwa katibu wake. Sifa tupu! Kufika siku ya kupandisha bendera, babu kaketi kitandani anaimba wimbo wa chama, wodi nzima inampigia makofi. Sista kaja na mkanda. Imepanda.

"Weka chini hicho," bibi akasema.

Cha pili ni cha mpinzani aliyekimbilia nje. Ukurasa wa kwanza tu kamwita rais mwoga.

"Nani mwoga?" Babu kang'aka. "Mwambie aje hapa! Mke wangu, una namba yake?"

"Babu, huyo alishafariki."

"Ana bahati!"

Mkanda tena. Imezidi ya mwanzo. Safari hii sista hakutikisa kichwa, alinitazama mimi. "Wewe binti, umekuja kuuguza au kuua?"

Nilitaka kulia. Saa tano ilishapita. Kilibaki cha tatu, kinene kama tofali, cha profesa wa uchumi. Kwenye simu kina nyota moja, na mtu mmoja tu kaandika: "Kinachosha." Nikafungua popote.

"Katika kikao cha kamati ndogo ya uratibu wa bajeti, Rais alipendekeza jedwali la pili lihamishiwe kwenye kiambatisho..."

Babu kapiga mwayo. Nikalegeza sauti. Kamati ndogo ikazaa kamati ndogo zaidi.

"Bendera inapandishwa lini?" akauliza kwa uvivu.

"Bado wanajadili gharama ya kamba, babu."

Babu mdomo wazi, anakoroma!

Sista akamfunga mkanda taratibu bila kumwamsha. Akapima, akapima tena, halafu uso ukamlainika.

"Imeshuka. Naita machela. Wewe endelea kusoma, usithubutu kunyamaza!"

Nikasoma huku natembea kando ya machela, hadi mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa mbele ya pua yangu.

Daktari alipotoka, alikuwa anavua glavu. "Jicho la kwanza limeenda vizuri. Kesho tukitoa bandeji, ataona."

Bibi akakaa palepale sakafuni, akaanza kucheka huku machozi yanamtiririka. Nikakaa naye.

"Sasa ataona tulivyozeeka," akasema.

"Mimi sijazeeka, bibi."

"Leo umezeeka," akasema, akaniegemea begani.