Kiganja cha Leon Kwenye Kiungo cha Kumi na Nne

Kila mara kinu cha nyuklia kinapozimwa ili kibadilishiwe fueli, Stasia Wojdak huvaa nguo nyeupe za ukaguzi, husaini daftari, kisha huteremka kukagua viungo vya mabomba. Kwenye kiungo cha kumi na nne humkuta baba yake, Leon, aliyefariki miaka thelathini iliyopita, amesimama ameuziba ufa kwa kiganja.

"Umekula?" baba huuliza.

"Nimekula, Baba. Mkono je?"

"Unauma. Ila bomba halivuji hata tone."

Leon ndiye aliyekichomelea kiungo hicho, kinu kilipokuwa kinajengwa. Siku hiyo baridi ya Pennsylvania ilikuwa haisemeki, bomba halikupashwa moto ipasavyo, naye akasema kikatwe kirudiwe. Msimamizi akamwambia aache uvivu. Kisha msimamizi huyo akachukua picha ya eksirei ya kukagulia kiungo cha tisa, kilichotoka safi, akaibandika namba kumi na nne. Kwenye chuma pakagongwa alama ya Leon, maana kila fundi huacha alama yake pembeni ya kazi yake. Lawama ikawa yake, mpaka kaburini.

Kila mara Stasia huandika: ufa umeongezeka, kiungo kikatwe, baba yangu apumzike. Mkuu wake, Dale Hruska, huisoma ripoti huku akitafuna donati.

"Stasia, mama, bomba linavuja?"

"Halivuji kwa sababu marehemu amelishika!"

"Sasa unalia nini? Ningepata kumi kama yule mzee, mbona ningestarehe! Hata likizo haombi."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa hawakuziba wala hawakujenga, walimwachia maiti. Aibu iliyoje!

Mwaka huu leseni ya kinu ilikuwa inakwisha, na Stasia alisali isiongezwe. Wahandisi wakaja, wakapima unene wa chuma, wakapima na kiganja cha Leon, wakakokotoa. Leseni ikaongezwa miaka ishirini.

Stasia aliteremka na waraka wa leseni, akamsomea baba yake huku machozi yakilowesha barakoa yake. Kiganja kingefika miaka kumi na miwili tu. Kwa minane iliyobaki palikuwa na nafasi ya mrithi. Wahandisi walikuwa wamesoma faili la Stasia la hospitali, wakakokotoa na siku zake za kuishi, wakaandika jina lake.



"Ukija, mwanangu, njoo na glavu," Leon akasema. "Kinu kikiwashwa, hapa pana joto kali."

"Haya, Baba," Stasia akajibu, akautia saini waraka.