Shingo ya Kuhesabiwa

Pale maabara walimwita Shingo, na jina alijitafutia mwenyewe. Daktari mzima wa fizikia, kazi yake kupima sponji, akajifunga nyaya shingoni, akakaa kwenye kigari cha reli agongwe kwa nyuma, eti ajue misuli ya shingo inahimili nini gari linapogongwa. Kila mara fundi alihesabu, "Moja, mbili, tatu!" ndipo aachie kamba ya kigari cha kumgonga. Usalama kwanza, bwana! Na kila mara shingo ilisimama imara, naye akazidi kuvimba kichwa. Kwa vipimo hivyo akachagua sponji ngumu ya kiegemeo cha kichwa, na Jumatatu viti vyenye sponji hiyo vingefungwa kwenye basi la shule ya binti yake mwenyewe.

"Baba yako ana shingo ya chuma," alimwambia mtoto. Haya, msikieni.

Jumamosi akafunga kiti kimoja kwenye gari lake, kusudi tu amringie mama mkwe, aliyekuwa anajifunza kuendesha. Mama akashika usukani pale uani, yeye kando yake kwenye kiti kipya, akihubiri habari za sponji. Mama akatia rivasi, akatafuta breki, akakanyaga mafuta. Pu! Ukuta.

Mwendo wenyewe ulikuwa wa kobe. Lakini kichwa cha mtaalamu kilirushwa nyuma kikaigonga sponji yake kama kimegonga meza, akaona nyota mchana kweupe.

"Uuwi! Nisamehe, mwanangu! Ningejua nagonga, si ningekwambia ujikaze?"

Akataka kusema si kitu, neno moja likamgonga. Ujikaze! Miaka yote ile alikuwa anajikaza! Fundi akifika "mbili," misuli imeshakakamaa zamani. Hakupima shingo ya mtu anayegongwa, alipima shingo ya mtu aliyepigiwa hodi. Akilini akamwona binti yake ndani ya basi, anasinzia, kichwa kimelegea. Akajifunika uso kwa viganja. Mama mkwe alidhani analilia gari.

Jumatatu alfajiri alikuwa mlangoni kwa mkurugenzi, kola ya hospitali shingoni.

"Zuia vile viti, mkubwa. Nimeboronga."

"Unajua wiki hii ndiyo unatangazwa mkuu wa kitengo?"

"Najua."

"Na una hakika umekosea?"

Alitaka kuitikia kwa kichwa, kikagoma. Akajaribu kiwiliwili kizima, akainama na kuinuka kama kabati linalohamishwa. Mkurugenzi akauma midomo, wapi, akaangua kicheko mpaka akashika meza. Shingo naye akacheka, akaumia, akacheka tena. Viti vikazuiwa, na ukuu wa kitengo ukaota mbawa.

Jioni binti yake akaigusa kola kwa kidole.

"Baba, si ulisema ni ya chuma?"

"Ni ya chuma nikihesabiwa."

Mtoto akafikiri. "Na mimi kwenye basi, nani angenihesabia?"

"Hakuna, mama," akasema. Akataka kuinamisha kichwa ambusu, akashindwa, ikabidi mtoto apande juu ya kiti.