Panga la Kuazima

Mjinga wa siku ile alikuwa Mwalimu Nestory, na wala hakuwa na haja ya kubisha. Alilijua hilo akiwa bado amesimama katikati ya kibanja cha migomba cha Kokuhirwa, mikono nyuma kama mkaguzi wa gwaride, watu wakimsubiri aseme neno la maana.

Migomba yote ilikuwa imelaliana chini. Tangu wazee wagawane ardhi ile ya Chonyonyo, hakuna aliyewahi kusimama mlangoni kwa Kokuhirwa akaliona jiko la Nestory. Sasa lilionekana lote, mpaka sufuria juu ya mafiga. Bibi shamba alikwisha kuondoka na pikipiki yake baada ya kusema machache: ni ugonjwa wa mnyauko, ng'oeni mashina yote, msipande mgomba humu mwaka mzima. Kokuhirwa, mjane asiye na shamba jingine, alikaa juu ya gogo la mgomba akipasua ndizi moja moja. Kila moja ilikuwa nyeusi ndani. Alipasua nyingine.

"Ugonjwa hauna miguu," alisema mzee Byabato. "Kuna panga lililouleta."

Macho yakamgeukia Sebahire, kibarua, aliyekuwa akipogolea vibanja vya kitongoji kizima.

Hapo ndipo Nestory alipopaswa kufungua kinywa. Walimchagua mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu moja tu: alifundisha Uraia miaka ishirini na sita, na hakuna aliyemwona akienda nyumbani na hata kipande cha chaki ya shule. Serikali ilipoliongezea somo lile neno Maadili, alisema yeye alianza zamani. Sheria ndogo ya mnyauko aliisoma mwenyewe mkutanoni, polepole, kwa sauti ya imla: ukiona mgomba mgonjwa tangaza, ng'oa, na panga ulipitishe kwenye moto.

Siku kumi baadaye aliukuta mgomba mgonjwa nyuma ya jiko lake. Mwenyekiti, wa kwanza! Panga lake lilikuwa limevunjika mpini, akaazima la Kokuhirwa. Jumapili, kabla watu hawajaamka kwenda misa, aliukata. Shina likatoa uchafu wa manjano, mzito kama usaha. Kulichoma panga kulitaka moto, moto ungetoa moshi, na moshi ungeleta jirani wa kuuliza, "Mwalimu, unachoma nini?" Basi akalifuta kwa jani kavu mpaka likang'aa, akalirudisha pamoja na papai moja la shukrani.

Siku hiyo hiyo Kokuhirwa alipogolea kibanja chake chote kwa panga lile. Nestory alipita njiani akamwona akikata. Akamsalimia.

"Mwalimu," Sebahire alisema sasa, "darasa la tano ulitufundisha mtu asihukumiwe kabla hajasikilizwa."

"Haya, sema."

"Panga langu nalichoma kila nikitoka shamba moja kwenda jingine. Muulize yeyote hapa."

Waliokuwapo wakaanza kuangalia viatu vyao, na asiyekuwa navyo akaangalia vidole.

"Tumekusikia," Nestory alisema. Sauti yake ilitoka safi, bila kutetemeka, ile ile ya kusoma matokeo ya mtihani. "Kwa usalama wa kitongoji, usishike kazi hapa mpaka kahawa ivunwe."

Kabla ya saa sita godoro la Sebahire lilikuwa limefungwa nyuma ya baiskeli, mkewe anafuata na mtoto mgongoni, wanaelekea kwa wakwe huko Isingiro. Byabato alimpa Nestory mkono: mwenyekiti asiye na upendeleo. Nestory akaupokea.

Saa kumi alirudi kwa Kokuhirwa na jembe begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja tusaidiane."

Walichimba mashina matatu. La nne likawa gumu.

"Panga lile nililoazima," Nestory alisema akiwa ameinama, "nilikatia mgomba mgonjwa. Sikulichoma."

Jembe la Kokuhirwa lilibaki hewani kidogo, kisha likashuka pale pale lilipokuwa limelengwa.

"Jumapili ile ya papai?"

"Ile."

"Lilikuwa tamu," alisema, na akaendelea kuchimba.

"Nitakulisha, mama. Nitakuwa nakuletea mikungu kutoka kwangu."

"Kwako wapi? Geuka uangalie."

Nestory akageuka. Ng'ambo ya uwanda ule mpya, nyuma ya jiko lake, majani ya migomba yalikuwa yamevunjika katikati na kuning'inia, manjano, mstari baada ya mstari.

Kokuhirwa alisimika jembe ardhini. "Twende kwa Byabato sasa hivi ukaseme. Baiskeli ile imebeba mzigo, kijana wa mbio atawawahi hawajafika."

"Nipe muda kidogo. Mkutano ujao nitasema. Nikisema leo, ile sheria nani ataitii tena?"

"Na Sebahire?"

"Mama, nielewe. Nusu ya kitongoji hiki nimewafundisha mimi. Wakisikia hili kutoka kinywani mwangu, watajifunza nini?"

Kokuhirwa alikwangua udongo kwenye jembe kwa kisigino.

"Walikuwepo asubuhi, Mwalimu. Wameshajifunza."